Njia ya Masomo kwa Kijana wa Mombasa Anayetaka Kuwa Mwanaastronomia

Mzazi mmoja wa Kisauni alinifuata baada ya mkutano wa shule akaniuliza, kwa adabu lakini kwa wasiwasi usiofichika, kama ni kweli binti yake anataka kusomea unajimu, na kama mimi, mwalimu wake wa fizikia, ndiye niliyemtia fikra hiyo. Ilinichukua kitambo kufahamu kwamba mama yule alikuwa akiwaza ramli, hirizi na vile vitabu vya kuwaangalizia watu nyota zao kabla ya posa. Hakukosea sana, kwa sababu Kiswahili chetu kimeyaacha maneno unajimu na falaki yabebe elimu mbili zisizofanana, moja ya kutabiri mambo ya watu na nyingine ya kuchunguza nyota zenyewe. Na neno mwanaanga, ambalo wengi hulikimbilia, lina mwenyewe, naye ni yule anayesafiri kwa chombo kwenda nje ya dunia. Katika mwongozo huu nitasema mwanaastronomia, nikiwa na maana ya mtu anayechunguza nyota, sayari na galaksi kwa vipimo, fizikia na hesabu, ili ajue vimeundwa na nini, viko umbali gani, vilianzaje na vitaishaje.

Swali la pili la mama yule lilikuwa fupi zaidi: "Sasa mwalimu, atakula nyota?" Hilo nalo lina jibu, lakini litasubiri mpaka tufike kwenye kazi na mishahara.

Kazi yenyewe na miaka inayotakiwa

Anayetaka kuingia njia hii aondoe kwanza ile picha ya mzee anayekesha jicho lake likiwa kwenye darubini. Mwanaastronomia wa leo hutumia siku nyingi zaidi mbele ya kompyuta kuliko chini ya nyota. Huandika programu za kuchambua vipimo, huunda kanuni za kihesabu zinazoeleza jinsi nyota inavyowaka au galaksi inavyozunguka, huandika makala za utafiti, hufundisha, na mara chache kwa mwaka huomba saa za kutumia darubini kubwa iliyo katika nchi nyingine, ambazo akizipata mara nyingi hupelekewa data kwa intaneti bila yeye kuondoka mezani. Wapo ambao hawashughuliki kabisa na mwanga unaoonekana kwa macho, bali na mawimbi ya redio, au na eksirei, ambazo angahewa ya dunia huzizuia zisifike chini, hivyo ni lazima zipimwe kwa vyombo vilivyorushwa juu.

Kuhusu hizo eksirei, Pwani yetu ina habari ambayo ningependa kila mwanafunzi wa Mombasa aijue. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco lililosimamishwa baharini huko Ngomeni, karibu na Malindi, ilirushwa satelaiti ya Marekani iliyokuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya astronomia ya eksirei pekee, na kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake, satelaiti hiyo ikapewa jina Uhuru. Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu ya Ikweta: dunia inapojizungusha huipa roketi inayoruka kuelekea mashariki kasi ya bure ya karibu mita 465 kwa kila sekunde. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ya satelaiti hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Naomba msomaji alitazame vizuri jina la tuzo hiyo. Ni ya fizikia, kwa kuwa Nobel ya astronomia haipo, na njia ya kuingilia elimu hii, hapa na kwingineko, hupita kwenye mlango wa fizikia na hisabati.

Ama miaka, mzazi na mtoto waihesabu mapema ili asije mmoja wao akavunjika moyo katikati. Sekondari ya juu ni miaka mitatu, shahada ya kwanza minne, uzamili miwili, uzamivu mitatu hadi mitano. Aliyeingia gredi ya 10 akiwa na miaka 15 atamaliza uzamivu akikaribia 30, na baada ya hapo wengi hufanya mikataba ya utafiti ya miaka miwili miwili au mitatu, mara nyingi katika nchi tofauti, kabla ya kupata kazi ya kudumu. Ni safari ndefu kama ya daktari bingwa, ila uzamivu wenyewe, na mara nyingine hata uzamili, hulipiwa posho na ufadhili. Mwanafunzi hodari hapaswi kuuza shamba la babu yake ili auendee.

Uamuzi wa kwanza: fizikia isiachwe

Katika miaka yangu ya kufundisha nimewapoteza watoto wengi zaidi katika hatua hii kuliko katika mtihani wowote. Chini ya mfumo wa 8-4-4, ambao mtihani wake wa mwisho wa KCSE umepangiwa mwaka 2027, mwanafunzi alipokuwa akiingia kidato cha tatu aliruhusiwa kuacha mojawapo ya sayansi, na fizikia ndiyo iliyokuwa ikiachwa sana, kwa kisingizio kwamba ni ngumu na inashusha alama za wastani. Aliyeiacha wakati huo alikuwa amejifungia astronomia, na uhandisi pia, akiwa na umri wa miaka 16 au 17, pengine bila ya mtu kumweleza.

Katika mtaala mpya wa umilisi, ambao wanafunzi wake wa kwanza wameingia gredi ya 10 mwaka 2026, uamuzi huo umesogezwa mapema zaidi, kwa kuwa mtoto huchagua mkondo akiwa bado gredi ya 9. Mikondo ni mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ambao wengi wanauita kwa kifupi STEM, sayansi ya jamii, na sanaa na michezo. Anayeitaka astronomia achukue STEM, na ndani yake aelekee upande wa sayansi halisi, achague fizikia bila kusita, na ahakikishe kwamba hisabati anayosoma ni ile kamili ya mkondo huo, wala si ile nyepesi iliyokusudiwa wanafunzi wa mikondo mingine. Somo la tatu laweza kuwa kemia au kompyuta, kulingana na michanganyiko inayotolewa na shule aliyopangiwa. Kabla ya kujaza majina ya shule, mzazi aulize mambo mawili ambayo hayaonekani kwenye lango wala kwenye sare: je, shule ina mwalimu wa kudumu wa fizikia, na je, maabara yake hutumika au hufunguliwa tu siku ya ukaguzi?

Katika hisabati, mada ambazo wanafunzi huziona kavu ndizo zitakazofanya kazi baadaye. Logarithimu, kwa mfano, ndizo zinazopimia mwangaza wa nyota: tofauti ya madaraja matano ya mwangaza ni sawa na mara 100 kamili, hivyo nyota ya daraja la 1 hung'aa mara 100 kuliko nyota hafifu ya daraja la 6 ambayo macho huifikia kwa taabu katika giza la kweli. Trigonometria ndiyo inayopima umbali. Vipeo navyo vimo katika kanuni ya Kepler, isemayo kwamba kipeo cha pili cha muda wa sayari kulizunguka jua, ukihesabiwa kwa miaka, ni sawa na kipeo cha tatu cha umbali wake wa wastani kutoka jua, ukihesabiwa kwa umbali wa dunia na jua. Sayari ya Mshtarii, au Jupita, iko umbali wa 5.2; mwanafunzi azidishe 5.2 × 5.2 × 5.2, kisha atafute kipeuo cha pili cha jibu, atapata karibu miaka 11.9, ambao ndio mwaka wa Mshtarii. Nikiwapa darasa hesabu hiyo, wapo wanaoirudia mara mbili kwa kutoamini kwamba kikokotoo cha mkononi kimewafikisha huko.

Mazoezi yasiyotaka fedha

Kabla ya kununua chochote, mwanafunzi wa Mombasa asimike fimbo. Namaanisha fimbo iliyonyooka ya urefu wa mita 1, isimamishwe wima kwa timazi kwenye uwanja uliosawazika au juu ya paa la nyumba, na ncha ya kivuli chake iwekewe alama kila baada ya dakika tano kuanzia saa sita kasorobo mchana hadi saa saba. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho cha adhuhuri ya kweli, na mstari wake huonyesha kaskazini na kusini. Hapa mji wetu una bahati ambayo miji michache inayo. Mombasa na Makka ziko karibu katika longitudo moja, sisi tukiwa nyuzi 39.7 Mashariki na Makka nyuzi 39.8, kwa hiyo kibla cha Mombasa ni kaskazini halisi, kwa tofauti isiyofika nusu nyuzi. Si ajabu kwamba wazee wetu hulitumia neno kibla kwa maana ya kaskazini. Mwanafunzi anaweza basi kuulinganisha mstari wake wa kivuli na mwelekeo wa msikiti wa mtaani kwake, na wakitofautiana aanze kwa kukagua timazi yake.

Kisha atazame saa. Ataona kwamba kivuli kifupi hakiji saa sita kamili, bali, kwa wastani wa mwaka, karibu saa sita na dakika 21. Sababu ni kwamba saa ya Kenya imepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 Mashariki, nasi tuko magharibi ya mstari huo kwa nyuzi 5.3, na kila nyuzi moja ni dakika nne za jua. Akiendelea kupima kwa miezi atagundua kwamba hata hizo dakika 21 hazitulii, zikifika kama 35 katikati ya Februari na kurudi hadi kama 5 mwanzoni mwa Novemba, kwa kuwa dunia hailizunguki jua kwa mwendo ulio sawa na mhimili wake umeinama. Mwezi Juni, tarehe 21, kivuli cha adhuhuri cha fimbo ile kitaelekea kusini kikiwa na urefu wa karibu sentimita 52. Tarehe 21 Desemba kitageuka kuelekea kibla kikiwa na sentimita 35 hivi. Na mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 10 Machi na tarehe 3 Oktoba, fimbo itakosa kivuli kabisa kwa dakika chache kwa sababu jua liko utosini. Kwa namba hizo pekee mtoto wa kidato cha tatu anaweza kukokotoa latitudo ya mji wake, ambayo ni nyuzi 4 Kusini, na daftari lenye vipimo vya mwaka mzima lina uzito mkubwa kuliko vyeti vingi vya kuhudhuria semina.

Zoezi la pili ni la bahari. Kila mvuvi wa Mtwapa ajua kwamba bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na maji mafu huja mwezi ukiwa nusu, na kwamba maji hujaa kwa kuchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku. Mwanafunzi aandike saa za maji kujaa na kupwa kwa mwezi mmoja kutoka kwenye majedwali ya bandari ya Kilindini, achore grafu, kisha aweke umbo la mwezi wa kila siku juu yake. Atakuwa amefanya uchambuzi wa data halisi, wenye mawimbi mawili yanayoingiliana, mambo ambayo vyuo vikuu huyafundisha kwa majina ya kuogofya.

Zoezi la tatu ni kuijua mbingu kwa macho. Kwa kuwa tuko karibu na Ikweta, tunaona takriban nyota zote za kaskazini na kusini katika mzunguko wa mwaka; jioni za Mei, mawingu ya masika yakiruhusu, Msalaba wa Kusini husimama upande mmoja na Dubu Mkubwa upande wa pili kwa wakati mmoja. Nyota ya Kaskazini hatuioni, kwa kuwa hubaki chini ya upeo wetu. Manahodha waliopanda na kusi kuelekea Arabuni waliiona ikiibuka baada ya kuvuka Ikweta. Aliyesoma madrasa ana faida moja zaidi, maana majina mengi ya nyota yanayotumiwa na wanaastronomia wa dunia nzima ni ya Kiarabu: Rigel ni mguu, Deneb ni mkia, Fomalhaut ni kinywa cha samaki, na Aldebaran ni mfuasi, kwa sababu huifuata Kilimia ikichomoza, na Kilimia wazee wetu waliijua vilivyo, wakiitumia kukisia majira ya mvua na kilimo.

Mahali pa kutazamia si lazima pawe mbali, ingawa taa za bandari na za Nyali zimeharibu mbingu nyingi. Ukiwa kwenye bustani ya Mama Ngina na mgongo ukiupa mji, upande wa bahari bado una giza la kufaa. Msambweni na Takaungu ni bora zaidi. Miezi ya kaskazi, hasa Januari na Februari, ndiyo yenye usiku usio na mawingu mengi.

Neno moja tu kuhusu darubini. Zile za plastiki zinazouzwa madukani kwa maandishi ya "mara 500" zisinunuliwe. Darubini ya macho mawili ya 10x50, yaani inayokuza mara kumi na yenye lenzi za milimita 50, inatosha kuonyesha mashimo ya mwezi na ile miezi minne ya Mshtarii ambayo Galileo aliiona Januari 1610. Hewa yetu ya unyevu huotesha ukungu ndani ya lenzi, hivyo chombo kihifadhiwe katika kisanduku kinachofungika barabara pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Shahada ya kwanza

Kwa wanaofanya KCSE, daraja la chini kabisa la kuingia shahada ya moja kwa moja ni C+, na KUCCPS, taasisi ya serikali inayogawa nafasi za vyuo, huwapanga wanafunzi kwa kutazama pia masomo manne yanayohusiana na kozi iliyoombwa, kwa hivyo alama ya fizikia na ya hisabati ina uzito kuliko wastani wa jumla ambao wazazi huupigia vigelegele. Chuo Kikuu cha Nairobi, katika idara yake ya fizikia iliyoko Chiromo, kina shahada ya kwanza ya astronomia na astrofizikia, nayo ndiyo inayolingana na jina la ndoto ya mtoto. Hata hivyo, mimi huwaambia wanafunzi wangu kwamba shahada ya fizikia ya kawaida, iliyosomwa vizuri, haina upungufu wowote mbele ya kamati za uzamili, na pengine ina milango mingi zaidi kwa atakayebadili nia. Kwa asiyemudu gharama za kuishi Nairobi, Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilichoko Tudor ni vyuo vya umma vya kutazama kwanza; afungue tovuti ya KUCCPS aone mwaka huo vinatoa shahada gani zenye fizikia au hisabati nyingi, na alinganishe orodha ya masomo yenyewe badala ya jina la kozi.

Orodha hiyo ndiyo ya kuichunguza kwa makini. Shahada inayofaa iwe na kalkulasi hadi milinganyo tofautishi, aljebra ya matriki, mekanika, sumaku-umeme, thermodainamiki, fizikia ya kwanta, takwimu na programu za kompyuta. Shahada ya ualimu wa sayansi, ambayo vijana wengi wa Pwani hupangiwa, si mwisho wa njia, lakini kwa kuwa hugawa muda kati ya masomo mawili na nadharia za ualimu, aliyemo humo ajazie mada zilizokosekana kwa kuomba kuhudhuria madarasa ya fizikia ya ziada. Mhandisi wa umeme naye anakaribishwa, hasa katika astronomia ya redio, ambako vipokezi na uchakataji wa ishara ni nusu ya kazi.

Mambo mawili yaamuliwe tangu mwaka wa kwanza. Kwanza, lengo liwe daraja la kwanza au la pili la juu, kwani chini ya hapo maombi mengi ya uzamili hayasomwi hata kidogo. Pili, mradi wa mwaka wa nne uchaguliwe katika mada inayotumia data za nyota, hata kama idara haina darubini, kwa sababu data za vyombo vikubwa hutolewa bure. Satelaiti ya Ulaya iitwayo Gaia, iliyorushwa Desemba 2013, imepima mahali na umbali wa nyota zaidi ya bilioni moja, na jedwali lake lote liko wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Makala za utafiti nazo husomwa bila malipo kwenye tovuti ya arXiv. Kijana wa Majengo mwenye kompyuta ya mtumba na bando la usiku anachambua data ile ile inayochambuliwa Cambridge. Anachokosa ni msimamizi wa kumsahihisha.

Programu za kompyuta zisisubiri chuo. Lugha ya Python ndiyo inayotumiwa zaidi na wanaastronomia, haina malipo, na mwenye simu pekee anaweza kuanza nayo. Ajifunze kusoma jedwali, kuchora grafu, kupatanisha mstari na vipimo na kukadiria makosa ya kipimo; akishaweza hayo na vipimo vyake vya fimbo na maji ya bahari, basi ameanza. Programu ya Stellarium, isiyo na malipo pia, humwonyesha mbingu ya Mombasa ya usiku wowote. Kiingereza nacho asikidharau, kwa kuwa makala na barua zote za kazi hii huandikwa kwacho, na nimeona vijana wenye hesabu kali wakikwama kwa kushindwa kuandika kurasa mbili zilizonyooka.

Uzamili na uzamivu

Uzamili waweza kusomwa Nairobi, lakini anayetaka kuingia katika utafiti wenye vyombo vikubwa atazame kusini. Afrika Kusini ina darubini ya SALT huko Sutherland, iliyozinduliwa mwaka 2005 ikiwa na kioo cha upana wa karibu mita 11 kilichoungwa kwa vipande 91, na ina MeerKAT, yaani sahani 64 za redio zenye kipenyo cha mita 13.5 kila moja, zilizozinduliwa mwaka 2018. Kenya ni mojawapo ya nchi nane za Afrika zilizoshirikiana na Afrika Kusini katika mradi wa darubini kubwa ya redio ya SKA, na kwa mpango huo sahani kuukuu za mawasiliano ya satelaiti zilikusudiwa kugeuzwa kuwa darubini; Ghana ilizindua yake huko Kuntunse mwaka 2017, na kwetu iliyotajwa ni ile ya Longonot. Mafunzo ya DARA, yaliyofadhiliwa na Uingereza, yaliwapa vijana wa nchi hizo, Wakenya wakiwamo, msingi wa astronomia ya redio.

Mlango unaojulikana zaidi huko kusini ni programu ya mafunzo ya astronomia iitwayo NASSP, iliyoanza mwaka 2003 na yenye makao katika Chuo Kikuu cha Cape Town, ambayo huwapokea wahitimu wa fizikia, hisabati au uhandisi kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Msomaji afahamu kwamba huko shahada ya kwanza ni ya miaka mitatu na hufuatwa na mwaka mmoja wa nyongeza kabla ya uzamili, kwa hivyo Mkenya mwenye miaka minne huweza kutakiwa aufanye mwaka huo. Asiuone kuwa hasara, maana ndimo astrofizikia yenyewe inamofundishwa. Taasisi ya AIMS, iliyofunguliwa Muizenberg, Cape Town, mwaka huo huo wa 2003, hutoa uzamili wa hisabati uliofadhiliwa, nayo imekuwa daraja kwa wengi ambao vyuo vyao havikuwa na astronomia.

Nje ya Afrika, njia hutofautiana. Marekani humchukua mwanafunzi moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza hadi uzamivu wa miaka mitano au sita na humlipa posho kwa kufundisha na kusaidia utafiti. Ujerumani hutaka uzamili kwanza, lakini vyuo vyake vingi vya umma havitozi karo, na shirika la DAAD hutoa ufadhili kwa Wakenya. Uingereza kuna ufadhili wa Jumuiya ya Madola. Kote huko, anayechaguliwa ni yule aliyemwandikia msimamizi anayefaa. Barua iwe ya aya tatu: umesoma makala gani ya mhadhiri huyo na ni swali gani lililokubakia, umefanya kazi gani inayokaribiana nayo, na unaomba nini. Barua ile ile ikitumwa kwa wahadhiri 40 hutambulikana kwa harufu.

Atakula nyota?

Sasa nimjibu yule mama. Nafasi za utafiti wa astronomia pekee nchini ni chache, nazo ziko karibu zote vyuoni, ambako mtafiti ni mhadhiri wa fizikia kwanza. Lakini aliyefika uzamili ana ujuzi wa kuchambua data nyingi zenye makosa ndani yake, na ujuzi huo hutafutwa na benki, kampuni za bima na za simu, idara ya hali ya hewa na wote wanaoshughulika na picha za satelaiti. Shirika la Anga za Juu la Kenya liliundwa mwaka 2017, na satelaiti yake ya Taifa-1 ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023 kutoka California. Nairobi kuna pia kituo cha kikanda cha RCMRD, kilichoanzishwa mwaka 1975, kinachotumia picha hizo kwa ramani, misitu na mazao. Binti yake akikomea shahada ya kwanza anaweza, akiongeza mafunzo ya ualimu, kuwa mwalimu wa fizikia, na shule zetu zinamhitaji.

Bado kuna jambo moja la makaratasi, ambalo nalitaja kwa sababu lilimwangusha kijana niliyemfundisha, mwenye daraja la kwanza, aliyepata nafasi na ufadhili kusini akakosa muhula mzima kwa kuwa alianza kushughulikia pasipoti baada ya kupokea barua ya kukubaliwa. Mkenya huingia Afrika Kusini kwa matembezi bila viza, lakini masomo yanataka viza yake, na viza hiyo inataka pasipoti, nakala za alama zilizothibitishwa na chuo, cheti cha polisi na cheti cha afya. Pasipoti iombwe mwaka wa tatu wa shahada, katika ofisi ya uhamiaji ya hapa hapa Mombasa, na nakala za alama ziagizwe wiki ile ile matokeo ya mwisho yanapotoka, kabla wahusika hawajaenda likizo.